Kinachoushika Mlima Hanang

Wanangu, anayekaa Katesh haulizi mlima uko wapi. Akifungua mlango, upo. Akienda sokoni, upo. Ukiwa Basotu katikati ya mashamba ya ngano, au kando ya Ziwa Balangida, au ndani ya basi linalotoka Singida kwenda Babati, Hanang unakutazama tu. Wabarabaig wamechunga ng'ombe chini yake vizazi kwa vizazi, na Wairaqw walioteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu wamelima miguuni pake.

Kilele chake kimepita mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Katesh uko takriban mita 1,700. Fanyeni hesabu wenyewe: kutoka baharini kupanda hadi Katesh ni karibu sawa na kutoka Katesh kupanda hadi kileleni. Jinsi Katesh ilivyo juu kuliko Dar es Salaam, ndivyo Hanang ulivyo juu kuliko Katesh.

Sasa nawauliza swali, na msiliache njiani. Kitu kirefu hivyo, chenye ubavu uliosimama hivyo, kinashikwa na nini? Dunia inavuta kila jiwe lishuke, usiku na mchana, bila kuchoka. Mbona basi mawe hayashuki kila siku?

Tafuteni ubao, mtandaze juu yake udongo mkavu uliochanganyika na kokoto, unene wa vidole viwili. Inueni upande mmoja polepole. Mtaona udongo umetulia, umetulia, kisha ubao ukifika mwinamo fulani, unateleza wote kwa mara moja. Rudieni, lakini safari hii mwinamo uwe mdogo kidogo kuliko ule uliouangusha, kisha mwageni maji taratibu upande wa juu. Mwanzoni maji yanazama na hakuna kinachotokea. Mnamwaga tena, bado. Halafu ghafla udongo unaondoka, na haushuki tena kwa kuteleza, unatiririka.

Kilichoushika udongo mkavu ni msuguano: chembe zimeegemeana, kila moja imeikamata mwenzake. Maji machache hata husaidia kuzigandisha. Lakini yakijaa katika nafasi zote zilizo kati ya chembe, yanaanza kuzisukuma zisigusane. Chembe zisizogusana haziwezi kukamatana. Hapo ndipo mlima unapoachia. Angalieni pia kwamba haukuachia mlipomwaga tone la kwanza. Ulikaa kimya ukinywa, ukinywa, na wakati huo wote kwa nje ulionekana salama.

Katika nchi za baridi, wenye kupanda milima huwaza jambo hilihili, ila kwao kinachoanguka ni theluji. Wengi wenu mmeiona kwenye televisheni tu. Ikishuka ikiwa mpya huwa nyepesi kama unga uliochekechwa, ndiyo maana mtoto huona haina madhara. Lakini theluji haishuki mara moja. Inashuka wiki hii, inatulia, jua linaichoma kidogo juu, baridi inaigandisha, inashuka nyingine, upepo unaisomba kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili. Kwa hiyo mwezi wa pili wa majira ya baridi ukichimba shimo ubavuni mwa mlima utakuta matabaka, jipya juu ya kuukuu, na si yote yaliyoshikana vizuri. Pengine chini kabisa kuna tabaka la chembe kubwa zilizolegea, na juu yake limelala bamba zito la theluji iliyoshindiliwa na upepo. Bamba hilo linaweza kukaa hapo siku nyingi. Kisha anapita mtu mmoja na viatu vyake vya kuteleza, uzito wake unatikisa lile tabaka dhaifu, nalo linabomoka, na bamba lote linaondoka naye. Wazoefu husema husikia mlio mzito wa kuzama chini ya miguu. Wakiusikia, wanarudi walikotoka.

Mengi ya maporomoko hayo hutokea kwenye mteremko wenye mwinamo kati ya digrii 30 na 45. Ukiwa mlalo zaidi ya hapo, theluji inakaa. Ukiwa umesimama zaidi, haipati nafasi ya kurundikana, inadondoka kidogokidogo. Hatari iko katikati, penye mwinamo ambao mtu anaweza kuupanda kwa miguu yake. Kwa sababu hiyo nchi za Ulaya hutoa taarifa ya hatari kila siku ya majira ya baridi, kwa daraja kutoka 1 hadi 5, na mpandaji hubeba kifaa kidogo kinachotoa mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Akifukiwa, wenzake wana kama robo saa ya kumfukua akiwa na matumaini makubwa ya kuishi. Baada ya hapo matumaini hushuka haraka.

Wala si wapandaji peke yao. Tarehe 23 Februari 1999, katika kijiji cha Galtür nchini Austria, theluji nyingi ilikuwa imeanguka kwa wiki kadhaa. Poromoko lilishuka mchana, likaingia mpaka katikati ya kijiji, kwenye nyumba ambazo watu waliamini ziko mahali salama. Walikufa watu 31. Tangu hapo wamejenga ukuta mkubwa wa kulizuia na kusimika vyuma juu mlimani ili theluji ishikwe kabla haijaanza safari.

Karibu na nyumbani tunao Kilimanjaro. Huko barafu imekuwa ikipungua kwa zaidi ya miaka 100. Watu huisikitikia kwa uzuri wake, na wana haki, lakini barafu ilikuwa na kazi nyingine ambayo wachache huitaja: ilishikilia mawe. Upande wa magharibi, kwenye njia ya Western Breach, mawe mengi yalikuwa yamegandishwa mahali pake. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia hiyo na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Kinachoshika kikiyeyuka, kilichoshikwa kinashuka.

Hanang hauna theluji, na kwetu mambo yamegeuka. Ulaya majira ya baridi ndiyo ya hatari. Hapa miezi ya baridi, kuanzia Juni, ndiyo mikavu, na ndiyo wakati mzuri wa kupanda. Hatari yetu inakuja na mvua, kuanzia Novemba hadi Mei. Msidhani kwa hiyo kwamba kipupwe hakina adabu yake. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama digrii 6. Katesh ikiwa na digrii 18, kileleni zimebaki kama 8, na hapo bado sijahesabu upepo. Mtu aliyelowa, akasimama penye upepo akiwa na fulana moja, mwili wake unapoteza joto kuliko unavyoweza kulitengeneza. Anaanza kutetemeka, kisha ulimi unakuwa mzito, kisha anaacha kutetemeka na kusema yuko sawa. Hapo ndipo hayuko sawa hata kidogo. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni, mshuke naye.

Njia inayotumiwa zaidi inaanzia Jorodom, karibu na Katesh. Mlima ni hifadhi ya msitu wa asili iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo mpandaji hupata kibali na hufuatana na mwongozaji. Utapita msituni, kisha miti inafupika, kisha nyasi na vichaka, kisha ukingo wa mawe unaokupeleka kileleni huku pande zote mbili zikiteremka. Maji ya kunywa ubebe mwenyewe. Anza mapema ili mawingu ya mchana yasikukute ukingoni, maana radi hupenda penye urefu, na ukingo huo hauna pa kujificha. Mvua ikiwa imenyesha kutwa na kucha, usipande. Mlima utakuwepo wiki ijayo.

Nimefika pale ninapopaona pazito, na nitaeleza polepole kwa sababu baadhi yenu mlipoteza watu.

Hanang ni mlima wa volkano iliyozimika. Mlima wa namna hiyo haukuchongwa kwenye mwamba mmoja. Ulirundikwa: tabaka la lava, juu yake majivu, juu yake vipande vya mawe vilivyogandamana, tena lava, tena majivu. Kwa maelfu ya miaka mvua na jua vimeyalainisha mengi ya matabaka hayo yakawa udongo wenye rutuba. Rutuba hiyo ndiyo iliyotuleta hapa. Mahindi yanayostawi chini ya Hanang yanakula mlima ulioshuka zamani, ukibebwa na maji ya makorongo. Ukichimba kisima au msingi wa nyumba chini ya milima kama huu, ukakuta mawe makubwa ya mviringo yamelala ndani ya udongo, jiulize yalifikaje. Hayakubebwa na mtu.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mapema kwamba kutakuwa na El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yamepata joto kuliko kawaida, na sisi huku mara nyingi hupata mvua nyingi za vuli inapotokea hivyo. Mvua zikaja. Mlima ukanywa. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 3 Desemba, mvua ilinyesha kwa nguvu, na alfajiri, wakati wengi wakiwa bado wamelala, ubavu wa Hanang ukaachia.

Tope lilishuka kwa makorongo likiwa limebeba mawe na magogo. Lilifika Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo mengine ya jirani. Nyumba zilizolala karibu na mkondo zilisombwa au zikafukiwa, maduka yalijaa tope mpaka madirishani, na barabara kuu ya Babati kwenda Singida ikazibwa. Wanajeshi walikuja na mitambo kufukua. Madarasa yaligeuzwa makambi ya waliokosa pa kulala. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia kuhusu tabianchi. Alikatiza safari, akarudi, akafika Katesh siku chache baadaye. Watu zaidi ya 80 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo watoto.

Siku zile zilienea habari kwamba volkano imeamka, kwa sababu watu walisikia mngurumo na ardhi ikatikisika. Wataalamu wa jiolojia walikwenda kupima, wakasema hapana, hakuna moto. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi, ikashindwa kujishika, ikavunjika, na kila ilichokuta mbele yake ikakiokota. Ule mngurumo ulikuwa wa mawe yanayogongana ndani ya tope.

Mtaniuliza: kwani tope linawezaje kubeba jiwe lenye ukubwa wa chumba? Ni kwa sababu tope zito la aina hiyo lina uzito unaokaribia mara mbili ya uzito wa maji kwa ujazo uleule. Jiwe linalozama majini, ndani ya tope hilo linaelea nusu. Mawe makubwa na magogo husukumwa mpaka mbele na juu, kwa hiyo kinachofika kwanza mlangoni kwako ni ukuta wa mawe, na tope liko nyuma likiusukuma. Usifikirie kwamba ukuta wa nyumba yako utalisimamisha.

Mtaniuliza tena: je, ni kwa sababu ya kukata miti? Hili nataka tulipime kwa haki. Mizizi hushika udongo, hilo halina ubishi, na mteremko uliovuliwa miti huachia mapema kuliko wenye msitu. Anayechoma mkaa juu ya mlima anachukua sehemu ya kinachotushika sote, na mimi sioni namna ya kulisema kwa upole. Lakini mizizi mingi inashuka mita moja au mbili tu. Maji yakizama chini kuliko hapo na kuulegeza udongo ulio chini ya mizizi, msitu unaondoka pamoja na ardhi uliyosimama juu yake. Magogo yaliyofika Katesh yalikuwa ni miti iliyong'olewa pamoja na mizizi yake. Kwa hiyo tupande miti, tuilinde iliyopo, na bado tusijenge kwenye mkondo. Serikali iliwajengea waliopoteza makazi nyumba mpya mahali pengine kwa sababu hiyohiyo: mlima wenye korongo lililokwisha kupitisha tope, ukiachia tena, utatumia korongo lilelile.

Ndiyo maana napenda mtoto wa Hanang aijue ramani ya makorongo kuliko anavyojua timu za mpira. Korongo lililokauka miaka kumi si uwanja. Ni njia ambayo mwenyewe hajapita kwa muda.

Na mlima ukitaka kuachia, mara nyingi hutoa dalili. Ufa mpya ardhini, hasa ule unaopita kwa upana wa mteremko. Miti au nguzo zilizokuwa wima zikaanza kuinama. Chemchemi inayotokea mahali ambapo haikuwahi kuwepo. Kijito kinachobadilika ghafla kuwa tope zito. Na dalili ninayoiogopa kuliko zote: mvua inanyesha kwa nguvu, lakini kijito kinapungua. Mtu asiyejua hufurahi. Maana yake ni kwamba huko juu kuna kitu kimeanguka kikaziba, maji yanajikusanya nyuma yake, na kizuizi hicho hakitadumu.

Ukiona hayo, mwambie mtu mzima hapohapo, hata kama ni usiku, hata kama utaambiwa unaota. Mkiondoka, msikimbie kufuata bonde kuelekea chini. Tope litawashinda mbio. Tokeni kando, kwa upana, na mpande juu penye mwinuko mbali na mkondo. Na msirudie redio wala godoro, kwa kuwa tope mara nyingi huja kwa mawimbi, na la pili humkuta aliyerudi.

Kukimbilia kando na juu si jambo nililolibuni. Huko Peru, Amerika ya Kusini, Jumapili ya tarehe 31 Mei 1970, tetemeko kubwa la ardhi liliutikisa mlima Huascarán, mrefu kuliko yote nchini humo. Kipande kikubwa cha barafu na mwamba kilikatika karibu na kilele. Kikashuka, barafu ikayeyuka kwa msuguano na kuchanganyika na udongo, na kile kilichoanza kama poromoko la barafu kikafika bondeni kikiwa tope, kwa mwendo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Katika dakika chache kikaufukia mji wa Yungay pamoja na maelfu ya watu wake.

Mtaalamu wa jiofizikia, Mperu aliyeitwa Mateo Casaverde, alikuwa akipita pale kwa gari siku hiyo. Alipousikia mngurumo alitazama mlimani, akaona wingu la vumbi, akaelewa kinachokuja. Karibu yake kulikuwa na kilima cha makaburi, kilichojengwa ngazi kwa ngazi. Alikimbia kukipanda na wenzake. Tope lilipita chini ya miguu yao. Watu kama 92 walipona juu ya kilima hicho, na watoto wengi walipona kwa sababu mchana huo walikuwa wamekwenda kutazama sarakasi kwenye uwanja ulio pembeni ya mji. Casaverde hakuwa na mbio kuliko wengine. Alijua tu mwinuko uko upande gani.

Basi kila mmoja wenu, akiwa darasani, nyumbani, sokoni, ajue mwinuko wake uko wapi.

Wenye kukaa Mbulu, msidhani hili haliwahusu. Ardhi yenu iko juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye miamba mikongwe kuliko ya Hanang, na vilima vyake ni vikali. Lakini ninyi mna wazee wa kuigwa. Wairaqw wa Kainam wamelima miteremko kwa mamia ya miaka, na udongo umebaki. Wanapiga matuta ya kukata mteremko, si ya kuufuata. Wanatia mbolea ya ng'ombe ili udongo uwe na nguvu ya kushikana. Njia ambazo maji hupita wanaziachia nyasi, hawazilimi. Mkulima asiyewahi kusikia habari za jiofizikia alikwisha kujua kwamba maji lazima yapewe njia yao, na njia hiyo isikaliwe. Kamuulizeni babu yeyote wa Kainam kwa nini hajalima pale maji yanapopita. Atawakalisha chini mpaka jioni.

Na kuna kazi moja ninayowaachia, wa Hanang na wa Mbulu pia. Chukueni chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, mkate sehemu ya juu, muipindue iwe faneli juu ya ile ya chini. Wekeni kokoto kidogo ndani isipeperuke, mwageni maji mpaka kokoto zifunikwe, na hapo pigeni mstari wa sifuri. Bandikeni rula ubavuni kuanzia mstari huo. Isimamisheni uwanjani, mbali na paa na miti. Kila siku saa tatu asubuhi someni maji yamefika milimita ngapi, mwandike kwenye daftari la darasa pamoja na tarehe, kisha mpunguze mpaka mstari wa sifuri. Jumlisheni mvua ya siku moja, ya siku tatu, ya siku kumi, maana mliona kwenye ubao kwamba mlima hauachii kwa tone la mwisho peke yake. Linganisheni na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Jumla ya siku kumi ikianza kuwa kubwa kuliko zote zilizomo daftarini, mwalimu mkuu aambiwe, na mwenyekiti wa kijiji aambiwe. Siku isiyo na mvua nayo iandikwe: tarehe, na sifuri.